Nani Mwenye Kengele? Historia Fupi ya Kunyamazisha Mlio, Kutoka Simu ya Waya hadi Kishikwambi

Utangulizi

Kunyamazisha kishikwambi ni jambo ambalo wengi hawalioni kuwa na historia. Mtu hugusa alama ya kengele iliyokatwa mstari, kisha huendelea na shughuli zake. Hata hivyo, ni nani kati yetu ambaye hajashangaa? Kifaa kimenyamazishwa, lakini video inafunguka na kupiga kelele katikati ya maktaba. Arifa zimezimwa, lakini kengele ya kuamsha inalia mhadhara ukiendelea.

Insha hii inatetea hoja kwamba mshangao huo hautokani na uzembe wa mtumiaji peke yake. Nyuma yake kuna mvutano wa zaidi ya miaka 140 kuhusu swali moja: nani ana mamlaka juu ya mlio? Je, ni anayepiga, ni kampuni, ni mtengenezaji, au ni yule aliyekishika kifaa mkononi? Swali hili linatuhusu sisi pia. Katika ukanda wetu kishikwambi si anasa ya wachache tena. Makarani wa sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 na ya Uganda ya mwaka 2024 walikusanya takwimu kwa kutumia vishikwambi, na wanafunzi wengi tunasomea humo.

Kengele ya mpigaji, simu ya kampuni

Alexander Graham Bell alipewa hataza ya simu nchini Marekani tarehe 7 Machi 1876. Simu za mwanzo kabisa hazikuwa na kengele. Aliyetaka kuzungumza alilazimika kupaza sauti au kugonga chombo chake kwa matumaini kwamba mtu wa upande wa pili yuko karibu. Msaidizi wa Bell, Thomas Watson, ndiye aliyeshughulikia tatizo hilo, na katika miaka michache ya mwanzo kengele ya umeme ikawa sehemu ya kawaida ya simu. Mpigaji alizungusha mpini wa jenereta ndogo ili kumwita opereta wa kituo. Opereta naye alipeleka umeme uliogonga kengele katika nyumba iliyotakiwa.

Tuzingatie mwelekeo wa tendo hilo. Kengele ilikuwa ndani ya nyumba ya mpokeaji, lakini nguvu ya kuigonga ilikuwa mikononi mwa watu wengine. Hata Kiswahili kinaliona jambo hivyo: mmoja hupiga simu, mwingine hupigiwa. Kwenye laini zilizotumiwa na nyumba kadhaa hali ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa familia ilisikia pia milio iliyokusudiwa kwa majirani, na ililazimika kuhesabu idadi ya milio ili ijue kama ni zamu yake.

Aidha, simu yenyewe haikuwa mali ya mwenye nyumba. Nchini Marekani, kwa miongo mingi, wateja wa mfumo wa Bell walikodi chombo kutoka kwenye kampuni, nayo ndiyo iliyoamua jinsi kitakavyofanya kazi. Mfano mzuri ni simu ya mezani ya aina ya 500 iliyotengenezwa na Western Electric kuanzia mwaka 1949. Chini yake kulikuwa na gurudumu dogo la kupunguzia ukali wa kengele. Lakini gurudumu hilo liliwekewa kizuizi: mteja aliweza kupunguza sauti, hakuweza kuizima kabisa. Kuizima kulihitaji kizuizi hicho kikunjwe, na hiyo ilihesabiwa kuwa kazi ya fundi. Kwa mtazamo wa kampuni, simu isiyolia ilikuwa simu isiyofanya kazi yake. Aliyetaka utulivu aliinua mkono wa simu na kuuacha pembeni, au aliifunika kwa mto.

Simu inapotoka nyumbani

Simu ya mkononi ilibadilisha mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, kifaa kilikuwa mali ya mtumiaji. Pili, kilimfuata kila mahali: kanisani, msikitini, mahakamani, darasani na msibani. Kengele ya simu ya mezani iliwasumbua watu wa nyumba moja, ilhali ya simu ya mkononi ilisumbua watu wasiohusika hata kidogo.

Jibu la kwanza lilikuwa la kiufundi. Mtetemo, uliokuwa umeshatumika kwenye vifaa vidogo vya kupokelea wito, uliingia kwenye simu. StarTAC ya Motorola, iliyotoka mwaka 1996, ilikuwa miongoni mwa simu za mwanzo kuwa nao. Mtetemo ulikuwa suluhu ya katikati: mpigaji bado alifika, lakini aliyeguswa ni mwenye simu tu. Jibu la pili lilikuwa la kisheria. Mwaka 2003 jiji la New York lilipiga marufuku matumizi ya simu katika maonyesho kama ya tamthilia na muziki, kwa faini ya dola 50. Sheria ya namna hiyo ilihamisha lawama. Zamani aliyesumbua ni aliyepiga; sasa mkosaji ni aliyepigiwa, kwa kuwa uwezo wa kunyamazisha ulikuwa mkononi mwake.

iPhone ilipoanza kuuzwa tarehe 29 Juni 2007, uwezo huo ulipewa umbo dhahiri. Ubavuni mwake kulikuwa na swichi ndogo ya mlio. Mtu aliweza kuisukuma kwa kidole ikiwa mfukoni bila kutazama kioo, na aliweza kuipapasa ili ajue kama iko kimya. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa mamlaka kuhamia kwa mwenye kifaa.

Vita vya swichi ya kishikwambi, 2010 hadi 2014

Katika historia ya kishikwambi mvutano huu unaonekana waziwazi. iPad ya kwanza ilianza kuuzwa tarehe 3 Aprili 2010 ikiwa na swichi ubavuni kama ya iPhone, ila kazi yake ilikuwa tofauti: ilizuia kioo kisigeuke. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Kishikwambi hakikuchukuliwa kuwa simu. Kilikuwa kifaa cha kusomea na kutazamia, na msomaji aliyejilaza kitandani alihitaji ukurasa usigeuke kila anapobadili ubavu.

Miezi saba tu baadaye, Novemba 2010, toleo la 4.2 la programu endeshi ya Apple liliibadilisha swichi hiyo kuwa ya kunyamazisha. Chuma kilikuwa kilekile, lakini maana yake ilibadilishwa kutoka mbali, kwa njia ya sasisho. Watumiaji wengi walilalamika. Machi 2011, toleo la 4.3 liliwaachia wachague wenyewe: swichi izuie kioo, au inyamazishe sauti.

Mtu anaweza kuuona ugomvi huo kuwa mdogo. Kwa mwanahistoria, una funzo kubwa. Mteja wa simu ya aina ya 500 alijua kwamba gurudumu lake ni mali ya kampuni. Mnunuzi wa iPad alilipia kifaa chote, lakini aligundua kwamba maana ya kitufe alichokinunua bado inaweza kuamuliwa na kampuni baada ya mauzo. Umiliki ulikuwa umebadilika. Mamlaka hayakuwa yamebadilika kwa kiasi kilekile.

Kisha ukaja mwaka 2014. Mwezi Septemba, toleo la 8 la programu hiyo liliiwezesha iPad kupokea simu za kawaida zilizopigwa kwenye iPhone ya mtumiaji yuleyule. Mpigaji mmoja sasa aliliza vifaa viwili kwa wakati mmoja. Mwezi Oktoba ikatangazwa iPad Air 2, yenye unene wa milimita 6.1, nyembamba kuliko iliyoitangulia yenye milimita 7.5. Swichi ya ubavuni haikuwapo tena. Yaani kishikwambi kilipewa mlio wa simu na kunyang'anywa swichi ya kuunyamazisha katika msimu mmoja. Uwezo wa kunyamazisha ulibaki, lakini ulihamia ndani ya kioo, mahali ambapo kidole peke yake hakiwezi kuupapasa.

Kimya chenye matundu

Kadiri arifa zilivyoongezeka, neno "kimya" lenyewe lilianza kupoteza maana moja. Tukio la New York la tarehe 10 Januari 2012 ni ushahidi mzuri. Okestra ya New York Philharmonic, ikiongozwa na Alan Gilbert, ilikuwa ikikaribia mwisho wa Simfonia ya Tisa ya Mahler, sehemu ambayo muziki hufifia hadi karibu kutosikika. iPhone ya msikilizaji mmoja ikaanza kulia, na haikukoma. Gilbert aliusimamisha muziki mpaka mlio ulipozimwa. Baadaye ilielezwa katika magazeti kwamba mwenye simu alikuwa ameiweka katika hali ya kimya. Kilicholia kilikuwa kengele ya kuamsha, ambayo swichi ile haikukusudiwa kuizuia.

Mabishano yaliyofuata yalikuwa ya maana. Wapo waliosema kimya kiwe kimya kamili. Wengine walijibu kwamba mtu anayenyamazisha simu usiku bado anataka kuamshwa asubuhi. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na ndiyo maana suluhu iliyofuata ilikuwa kanuni za kubagua milio. Septemba 2012 Apple ilileta hali ya kutosumbuliwa, yenye ruhusa kwa watu walioteuliwa na kwa anayepiga mara ya pili ndani ya dakika tatu. Kwa upande wa Android, toleo la 5.0 la Novemba 2014 liliondoa hali ya kimya iliyozoeleka na kuweka ngazi za usumbufu. Ngazi ya kimya kamili ilizima hata kengele ya kuamsha, na watumiaji wakalalamika. Toleo la 6.0 la mwaka 2015 lilileta kipengele tunachokiona leo kwa Kiswahili kama "Usinisumbue", chenye chaguo la kimya kamili, la kengele tu, na la mambo ya kipaumbele. Mwaka 2021 Apple iliongeza arifa zinazoweza kuwekewa alama ya haraka na programu inayozituma. Hapo anayetuma alipata tena njia ya kupita mlangoni, ingawa mwenye kifaa anaweza kuifunga.

Pale kimya kinapokataliwa

Isidhaniwe kwamba haki yote iko upande wa anayetaka kimya. Nchini Japani, ambako abiria wa treni huombwa kunyamazisha simu, kamera za simu zinazouzwa huko hutoa sauti zinapopiga picha hata simu ikiwa kimya. Korea Kusini iliweka kiwango cha sekta mwaka 2004 kinachotaka sauti hiyo iwe kati ya desibeli 60 na 68. Lengo ni kuwalinda watu, hasa wanawake, dhidi ya kupigwa picha kwa siri. Hapa mlio ni kinga ya mtu asiyekishika kifaa.

Kwetu pia kuna mlio ambao wengi hawathubutu kuuzima. Simu ya usiku wa manane huogopwa kwa sababu mara nyingi huja na habari ya mgonjwa au msiba. Mwanafunzi aliye mbali na nyumbani anayenyamazisha kifaa chake hafanyi uamuzi wa adabu ya darasani tu. Anaamua pia nani wa ukoo wake ataweza kumfikia.

Hitimisho

Insha imeonyesha kwamba mamlaka juu ya mlio yamehama mara kadhaa: kutoka kwa mpigaji na kampuni ya simu, hadi kwenye kidole cha mwenye kifaa, kisha ndani ya orodha ndefu ya mipangilio inayoandikwa na watengenezaji. Gurudumu la mwaka 1949 lilikuwa na kizuizi kimoja kinachoonekana. Vizuizi vya kishikwambi ni vingi na havionekani mpaka kifaa kilie.

Kwa hiyo, anayeingia mahakamani, maktabani au chumba cha mtihani na kishikwambi asijiulize tu kama amekinyamazisha. Ajiulize kimya alichokichagua kinazuia nini, kinaruhusu nini, na ni nani aliyepanga tofauti hiyo. Kengele ya kuamsha, video na simu iliyounganishwa na kifaa kingine kila kimoja kina kanuni yake. Mpaka tuzifahamu kanuni hizo na kuzipanga wenyewe, kifaa kitakuwa chetu, lakini kengele itaendelea kuwa ya wengine.