Uzito na Tungamo la Mchezaji katika Michezo ya Uigaji wa Besiboli

Katika michezo ya kompyuta inayoiga besiboli, uzito wa mchezaji ni ile tarakimu inayoandikwa kando ya jina lake, pamoja na kimo, umri na mkono anaopigia. Tanzania huiita uzito. Waandishi wa michezo wa Kenya huiita uzani, kama wanavyotaja uzani wa bondia, na maneno yote mawili yanafaa kwenye kadi ya mchezaji. Neno la tatu, tungamo, ni istilahi ya fizikia: kiasi cha maada kilichomo mwilini. Uzito ni mvuto wa dunia juu ya maada hiyo.

Mtu wa kilo 75 akipanda kutoka Makanya, kwenye tambarare ya Same, hadi kilele cha Shengena katika Milima ya Upare, zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, tungamo lake halipungui hata chembe. Mizani ya springi ingepunguza gramu chache, hata hamsini hazifiki. Kinachobadilika kweli njiani ni hewa. Huko juu ni nyepesi, na mpira uliopigwa hufika mbali zaidi, jambo linalojulikana sana Denver, Marekani, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi. Mtunzi wa programu anayetaka kuingiza athari za mwinuko na aanze na hewa. Mvuto anaweza kuuacha.

Michezo ya uigaji, ya kadi au ya kompyuta, imejengwa kwa namna mbili. Ya kwanza hutegemea takwimu. Strat-O-Matic, iliyobuniwa na Hal Richman na kuanza kuuzwa mwaka 1961, ni mchezo wa kadi na dadu, na kadi ya kila mchezaji hutokana na aliyoyafanya uwanjani msimu mzima. Hapo uzito hauna kazi, na ndivyo inavyopasa. Misuli, kitambi, wepesi wa miguu, vyote vimekwisha kuonekana katika matokeo. Lori la jasi linalotoka Makanya likipanda mizani husomwa lote kwa pamoja: chombo, shehena, mafuta na dereva. Karani akijumlisha kilo za dereva baadaye, amemhesabu mara mbili. Mchezo wa takwimu unaomtoza mchezaji mnene adhabu ya mwendo, ilhali kasi ndogo ya miguu yake imo tayari katika rekodi yake, una kosa hilohilo, na ni kosa baya kwa sababu halionekani kwa macho.

Namna ya pili hukokotoa fizikia ya miili yenyewe, na humo tungamo ndilo neno sahihi. Mchapuko ni kani iliyogawanywa kwa tungamo. Wakimbiaji wawili wakisukuma ardhi kwa kani ileile, wa kilo 100 huchapuka pungufu ya wa kilo 80 kwa sehemu moja ya tano, na umbali kati ya vituo, mita 27.4, ni mfupi kiasi kwamba mchapuko wa mwanzo huamua mengi. Lakini mtu mkubwa kwa kawaida ana miguu yenye kani kubwa pia, hivyo kuweka tungamo bila kani ni kumdhulumu.

Kwenye kupiga mambo ni magumu zaidi. Gongo na mpira hugusana kwa muda usiofika elfu moja ya sekunde. Mikono haina nafasi ya kusukuma. Kinachohesabika ni tungamo la gongo, mwendo wake, na mpira wa gramu 142 hadi 149 unaokuja. Mwili wa mpigaji umefanya kazi yake kabla, katika kulizungusha gongo. Fomula inayoongeza kilo za mpigaji moja kwa moja kwenye mwendo wa mpira imekosea mahali pa kuziweka.

Kilo peke yake hazimpimi mchezaji. Jose Altuve, mwenye kimo cha mita 1.68 na kilo 75 hivi, alikuwa Mchezaji Bora wa Ligi ya Amerika mwaka 2017. Aaron Judge, wa mita 2.01 na kilo 128, alitwaa tuzo hiyohiyo mwaka 2022 kwa mipigo 62 ya kuvuka uzio. Kimo chao kina athari ya kikanuni, kwa kuwa eneo halali la kurushia mpira hupimwa kwa goti na kiwiliwili cha mpigaji. Uzito hautajwi popote katika kipimo hicho.

Tarakimu za Kimarekani huja kwa ratili. Ratili 166 za Altuve huzidishwa kwa 0.4536 kupata kilo, na kwenye skrini ya Kiswahili iandikwe kilo.

Tanzania, ambako besiboli ilianza kufundishwa mwaka 2012 kwa msaada wa Wajapani, Sekondari ya Azania ya Dar es Salaam ikiwa miongoni mwa shule za mwanzo, haina rundo la takwimu za miongo kama la Marekani. Anayetaka kumwiga kijana wa sekondari wa Makanya aliyeshika gongo juzi ana kimo chake, kilo zake na muda wake wa kukimbia, basi. Hapo uzito ni kisio halali la kuanzia, hasa ukisomwa pamoja na kimo. Mechi zake zinapoandikwa, kisio hilo lipunguzwe nguvu hatua kwa hatua, hadi matokeo yake mwenyewe yachukue nafasi yote.