Imani na Dawa Havigombani



Wapendwa, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Serikali ilipoanza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo mwaka 2004, huku kwetu, kuanzia Kidugala hadi Makambako na Njombe, tulikuwa tumekwisha kuzika wana na kubaki tukilea wajukuu. Utafiti wa 2011–2012 ulionyesha maambukizi ya asilimia 14.8 mkoani Njombe, kiwango cha juu kuliko mikoa yote.

Mwaka 2011 maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe. Wapo walioacha dawa zao. Kanisa halifundishi hivyo. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatuagiza tusali, kisha tumpe tabibu nafasi yake, kwani naye ameumbwa na Bwana. Ndiyo maana Wamisionari wa Konsolata walijenga hospitali Ikonda, Makete. Mpako wa Wagonjwa na kidonge cha kila siku hutoka katika mkono uleule wa Mungu.

Kristo alimgusa mwenye ukoma kabla ya kumtakasa. Nasi tumsogelee mgonjwa, tule naye, tumkumbushe dawa, tusali naye. Hapo ndipo tumaini huanzia. Amina.