Kutoka Kibarua cha Mizabibu hadi Chupa Yenye Jina

Mwaka 1968 Reynaldo Robledo, kijana wa miaka 16 kutoka Michoacán, Mexico, aliingia kufanya kazi katika mizabibu ya kaskazini mwa California. Mwaka 1997 familia yake ikaanzisha kiwanda chake yenyewe cha mvinyo. Safari hiyo husimuliwa kama ushindi wa jasho. Simulizi hilo, kwa maoni yangu, linawadhulumu maelfu waliotoka jasho lilelile wakabaki vibarua. Kati ya 1942 na 1964, mpango wa Bracero wa Marekani ulizalisha mikataba zaidi ya milioni 4 ya vibarua wa Mexico. Jina hilo linatokana na neno la Kihispania la mkono, na kweli mikono tu ndiyo iliyotakiwa: mkataba ukiisha, mwenye mikono arudi kwao. Wengi waliinama kutwa na jembe la mpini mfupi, ambalo California ililipiga marufuku mwaka 1975 tu. Kama jasho lingetosha, watu hao wangekuwa wenye mashamba.

Kilichowatofautisha waliofuata, kama kina Robledo, ni ujuzi uliopata mahali pa kutulia. Kupogoa mzabibu ni kuamua jicho lipi libaki, na kosa la leo huonekana msimu ujao. Miaka ya 1980 mdudu filoksera alipoharibu mizizi huko Napa na Sonoma, maelfu ya ekari zilipandwa upya, na mafundi wa kupandikiza wakahitajika sana. Sheria ya uhamiaji ya 1986 nayo iliwapa wafanyakazi wa mashambani zaidi ya milioni moja karatasi za ukaazi. Anayeishi kwa hofu ya kufukuzwa hapandi mti utakaozaa baada ya miaka mitatu.

Mtu atauliza: mbona wengi walipata karatasi hizo, na wachache tu wana viwanda? Ni kweli, uthubutu huchuja watu, na siupuuzi. Lakini familia ya Ceja, wahamiaji wa Mexico vilevile, iliunganisha fedha zake ikanunua ekari 15 katika eneo la mizabibu la Carneros mwaka 1983, kabla bei ya ardhi ya mizabibu haijapaa. Kibarua wa leo mwenye ustadi uleule hana ekari ya bei ile. Tena sheria ya 1986 ilidai angalau siku 90 za kazi ya shamba katika mwaka ulioishia Mei 1, 1986. Aliyevuka mpaka mwezi wa Juni mwaka huo hakuhesabiwa, hata mkasi wake uwe hodari kiasi gani.