Sifuri ilipokuwa sawa na "mchicha": hadithi ya == katika PHP

Miaka kadhaa iliyopita nilipigiwa simu na chama kimoja cha akiba na mikopo nilichokiandikia programu. Mwanachama alikuwa ameingia akaona akiba isiyo yake! Chama kilikuwa kimeunganisha matawi mawili. Tawi moja liliandika namba ya mwanachama "00745", lingine "745". Ni watu wawili tofauti. Mimi nilikuwa nimelinganisha kwa ==, na PHP ikaniambia hao ni mtu mmoja.

Je, PHP ilikuwa imekosea? La. Ilifanya ilivyofundishwa, na ili kuelewa ni lazima turudi nyuma.

Mwaka 1995 Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, alitoa kwa umma zana alizoziandika kwa lugha ya C za kuendeshea ukurasa wake wa wavuti. Sasa kumbuka jambo moja: fomu ya wavuti hutuma kila kitu kama maandishi. Ukiandika umri 25, seva hupokea herufi "2" na "5", si namba. Kumlazimisha mwandishi abadilishe kila kitu kwa mkono kungemchosha. Basi PHP ikajitwika kazi hiyo: maandishi yakifanana na namba, yalinganishwe kama namba. Kwa hivyo "00745" == "745" ni kweli.

Hapo ni sawa. Taabu ni pale namba ilipokutana na neno lisilo namba. PHP ililigeuza neno liwe namba, na isipopata tarakimu mwanzoni ikahesabu sifuri. Ndiyo maana 0 == "mchicha" ilikuwa kweli! Programu ngapi zilitafuta neno katika orodha kwa in_array zikapata lisilokuwepo?

PHP 4, iliyotoka Mei 2000, ilileta dawa: alama ===, inayotaka thamani na aina vyote viwe sawa. Lakini == ilibaki, na wengi wetu tukaendelea nayo kwa mazoea.

Hatari yake ilionekana kwenye maneno ya siri. Pitisha 240610708 kwenye MD5, upate matokeo yanayoanza na 0e kisha tarakimu tupu. Neno QNKCDZO nalo hutoa matokeo ya aina hiyo hiyo, ingawa tarakimu zake ni nyingine. PHP huyasoma yote mawili kama sifuri mara kumi kwa kipeo fulani, yaani sifuri. Sifuri ni sawa na sifuri, mlango unafunguka! Tovuti iliyohifadhi MD5 na kulinganisha kwa == ingeweza kumkaribisha mgeni asiyejua neno la siri. PHP 5.5 ya 2013 ilileta password_verify, na 5.6 ya 2014 ikaleta hash_equals, ili tusifanye ulinganishi huo wenyewe.

Marekebisho makubwa yalikuja na PHP 8.0, tarehe 26 Novemba 2020, kwa pendekezo la Nikita Popov. Sasa namba ikikutana na neno lisilo namba, namba ndiyo inayogeuzwa kuwa maandishi. 0 == "mchicha" ikawa uongo, miaka 25 baada ya zana zile za kwanza.

Lakini usishangilie mapema. Maandishi mawili yanayofanana na namba bado hulinganishwa kama namba. "00745" == "745" ni kweli hata leo, na ile ya MD5 pia. Hata simu zetu: "0712345678" == "712345678" ni kweli.

Namba ya mwanachama, ya simu au ya kitambulisho si hesabu. Huwezi kuijumlisha wala kuigawanya. Hilo ni jina lililoandikwa kwa tarakimu. Niliongeza alama moja tu ya =, nikajaribu tena, na kila mwanachama akarudi kwenye akiba yake. Kisha nikaketi kupekua programu zangu nyingine zote.

Wewe je, umetafuta == ngapi kwenye zako?