Jukwaa Nyuma ya Seng'enge

Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954, majeshi ya Uingereza yaliizingira Nairobi katika msako ulioitwa Operesheni Anvil. Mitaa ya Eastlands, kama vile Pumwani na Bahati, ndiyo iliyoumia zaidi, kwa kuwa serikali iliamini kwamba fedha na silaha za Mau Mau, waasi waliopinga ukoloni, zilipitia huko. Wakikuyu, Waembu na Wameru walichujwa mmoja baada ya mwingine. Mbele ya foleni alikuwapo mtambuzi aliyefunikwa gunia, akichungulia kupitia matundu mawili. Akitikisa kichwa tu, mtu alipakiwa kwenye lori. Zaidi ya watu 20,000 waliishia kizuizini bila kufikishwa mahakamani, wengi wao katika kambi za Manyani na Mackinnon Road.

Umati huo ulizusha swali: watu hawa watafanywa nini? Thomas Askwith, aliyewahi kusimamia mitaa ya Waafrika ya Nairobi katika miaka ya 1940, alikuwa ametumwa Malaya mwaka 1953 kuona jinsi waasi wa huko walivyorekebishwa. Mpango alioupendekeza ulichanganya kazi, masomo na burudani, na kwa njia hiyo maigizo yakapata nafasi kambini. Katika kambi ya Athi River, Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji aliyekamatwa Oktoba 1952, aliandika tamthilia zilizoigizwa na wafungwa wenzake. Shajara yake ya kizuizini, iliyochapishwa kwa Kikuyu mwaka 1983, ilipata Tuzo ya Noma ya uchapishaji barani Afrika mwaka uliofuata.

Maigizo hayo yanaweza kuelezwa kwa namna mbili. Ya kwanza husema yalikuwa chombo cha kuvunja nia za watu, kwa sababu yalitakiwa kukilaani kiapo cha Mau Mau. Ya pili husema wafungwa walipata humo nafasi ya kupumua, kucheka na kutumia lugha yao mbele ya hadhira. Zote mbili zina ukweli, lakini ya kwanza ina uzito zaidi. Aliyekiri kiapo alisogezwa kuelekea kambi nafuu na hatimaye nyumbani, na aliyekataa alibaki nyuma. Mwigizaji ambaye uhuru wake unategemea maneno atakayoyatamka jukwaani hawezi kuhesabiwa kuwa mwenye mchezo.

Katika miaka hiyohiyo, upande wa pili wa dunia, maigizo ya gerezani yalichukua mkondo mwingine. Novemba 1957, waigizaji kutoka mjini San Francisco walicheza tamthilia ya Samuel Beckett, Waiting for Godot, ndani ya gereza la San Quentin, Marekani. Baadaye wafungwa wenyewe, akiwamo Rick Cluchey, waliunda kikundi chao cha maigizo.

Kenya huru ilirithi magereza ya mkoloni pamoja na hamu yake ya kulidhibiti jukwaa. Oktoba 1977, wakulima na wafanyakazi wa Kamirithu, Limuru, walianza kuigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mwezi uliofuata ilipigwa marufuku, na siku ya mwisho ya mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini katika gereza la Kamiti, alikokaa hadi Desemba 1978. Wako wanaosema kosa lilikuwa maudhui ya tamthilia. Wengine husema kosa lilikuwa wanakijiji kujiendeshea ukumbi wao. Maelezo ya pili yana nguvu zaidi, kwa sababu Machi 1982 serikali haikutosheka kuzuia mchezo wao mpya, bali iliubomoa ukumbi wenyewe.

Katika magereza, mabadiliko yalikuja mwaka 2003, pale Moody Awori, aliyeyasimamia katika serikali mpya ya wakati huo, alipoanzisha sera ya milango wazi. Makanisa, mashirika na wasanii wakapata kuingia kwa urahisi zaidi kuliko awali.

Leo kijana wa Eastlands anayeshtakiwa katika mahakama ya Makadara, akikosa dhamana, husubiri kesi yake katika rumande ya Industrial Area, ng'ambo tu ya mitaa hiyo. Vikundi vya sanaa vya Eastlands vina sababu ya kumfuata huko, na vina funzo la Athi River la kuzingatia. Mahabusu na wafungwa wachague wenyewe hadithi ya kuigiza, na wanachosema jukwaani kisiingizwe kamwe katika faili zao.