Maporomoko ya ardhi

Maporomoko ya ardhi ni kuteremka kwa udongo, mawe au matope kutoka mlimani kutokana na nguvu ya uvutano. Katika nchi za baridi kali theluji nayo huporomoka kwa namna inayofanana.

Sababu

Mvua ikinyesha kwa siku nyingi, maji hujaa katika udongo, huuongezea uzito na kupunguza mshikamano wake. Tabaka la juu likiwa limekalia mwamba usiopitisha maji, huweza kuteleza lote kwa pamoja. Ukataji wa miti na uchimbaji wa kitako cha mlima huongeza hatari.

Nchini Tanzania

Tarehe 3 Desemba 2023 matope kutoka Mlima Hanang yaliua watu zaidi ya 80 katika eneo la Katesh, mkoa wa Manyara. Tarehe 14 Aprili 2024 sehemu ya Mlima Kawetele jijini Mbeya ilifukia nyumba kadhaa na shule.

Katika mkoa jirani wa Njombe, wasafiri wanaotoka Makambako na Njombe kwenda Ludewa au Makete hupita barabara za milimani, ambako mvua hunyesha hasa kuanzia Novemba hadi Aprili.

Dalili

Dalili za hatari ni nyufa mpya ardhini au ukutani, miti na nguzo zilizoanza kuinama, chemchemi mpya, na mto kupungua ghafla huku mvua ikiendelea: huenda umezibwa na udongo upande wa juu. Dalili hizo zikionekana, watu huondoka kwa kwenda pembeni mwa njia ya matope, si kufuata bonde.