Jasho la Jikoni Mbele ya Majaji Watatu

Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara ilianza kutumika mwezi Mei 1971. Kabla yake, mke aliyeachwa alijibiwa kwa sheria za dini yake au mila za kabila lake, na mara nyingi jibu lilikuwa afungashe nguo zake na kurudi kwao. Serikali ilitoa waraka wa mapendekezo mwaka 1969, watu wakabishana sana, hasa juu ya mitala. Kifungu cha 114 kilipita humo humo. Kiliipa mahakama uwezo wa kugawa mali ambayo mume na mke wameichuma kwa juhudi zao za pamoja, kwa kuangalia mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi.

Neno "kazi" ndilo lililoleta mgogoro. Je, kupika, kufua na kulea ni kazi? Majaji wa Mahakama Kuu waligawanyika. Wapo waliosema mke anayetunza nyumba anatimiza wajibu wake wa ndoa tu, na ujira wake ni kulishwa na kuvishwa. Wengine wakasema mume asingepata nafasi ya kuchuma kama nyumbani kusingekuwa na mtu.

Wakati hayo yakibishaniwa, kijana mmoja na mchumba wake walikuwa wameoana Dar es Salaam, mwaka ule ule wa 1971. Mume alikuwa baharia, mke mama wa nyumbani. Ndoa ilivunjika mwaka 1980, na mke akadai sehemu ya nyumba. Alishindwa Mahakama ya Mwanzo, akashindwa tena Mahakama Kuu: alikuwa mama wa nyumbani tu, hakuchangia kitu. Kwa msaada wa kamati ya sheria ya wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akakata rufaa.

Inafaa kukumbuka jiji lilikuwaje. Miaka hiyo sukari, unga na sabuni vilipatikana kwa foleni, na foleni za maduka ya kaya hazikumsubiri anayetoka kazini saa tisa. Aliyesimama kwenye foleni alikuwa mama, mtoto mgongoni. Ndoo za maji nazo hazikujijaza. Mtu aliyesema mke wa aina hiyo hafanyi kazi, nadhani alikuwa na mtu wa kumsimamia kwenye foleni.

Mwaka 1983 shauri lilisikilizwa na Mahakama ya Rufani, chombo kilichokuwa na miaka minne tu tangu kuanzishwa baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jaji Mkuu Francis Nyalali alikaa na majaji Makame na Kisanga. Walirudi nyuma na kujiuliza: sheria hii ilitungwa ili kuondoa ubaya gani? Wakajibu kwamba ni unyonyaji na uonevu wa jadi wa waume kwa wake zao. Kwa hiyo, wakaamua, juhudi za pamoja ni pamoja na kazi za nyumbani. Mabishano ya Mahakama Kuu yakaishia hapo.

Mama mwenyewe aliondoka mikono mitupu. Mahakama ilisema mumewe aliwahi kumpa fedha za kuanzisha biashara kwa faida ya familia, naye akazitapanya, basi fungu lake alikwisha kulila. Yaani wake wengine wote nchini walipata haki kupitia rufaa yake, isipokuwa yeye. Mimi naona hukumu hiyo ilikuwa kali: waume wangapi wametapanya fedha za familia na bado wakabaki na nyumba?

Kenya ilichelewa zaidi. Mwaka 2007 Mahakama yake ya Rufani iliamua kwamba kuwa mke tu hakumpi mtu sehemu ya mali. Lazima athibitishe mchango wake. Katiba ya 2010 ikatangaza usawa ndani ya ndoa, na sheria ya mali ya ndoa ya 2013 ikataja waziwazi kwamba kutunza nyumba, kulea watoto na hata kulima shamba ni mchango. Lakini mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilifafanua kwamba usawa huo haumaanishi nusu kwa nusu: kila mmoja athibitishe alichochangia. Mume ataleta hati ya mshahara na risiti za saruji. Mke ataleta mashahidi, labda jirani, labda watoto wenyewe, waje waeleze nani alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha jiko.